Kilima Tulichokificha

Nyumbani kwa mama,
Meza ya sebuleni, upande wenye mguu mbovu.
Jumapili mchana, tarehe 8.

Mpendwa Binamu,

Salamu kwanza, maana nakujua: barua isipoanza na salamu utaigeuza nyuma uone kama zimeandikwa huko. Hujambo? Kifua je, kimepona, au bado unakohoa kama injini iliyokosa maji? Wifi yangu hajambo? Pacha wameshaota meno au bado wanawauma kwa fizi? Na hilo basi wanalokukabidhi kila asubuhi, hivi kampuni inajua kwamba dereva wao alikuwa anashuka kilima kizima kwa baiskeli bila kugusa breki? Mungu awalinde hao abiria.

Sisi huku tuko hai. Neno "hatujambo" limenikwama kwenye kalamu, nisamehe. Mama ni mzima wa mwili, ulimi wake ni mzima zaidi. Mimi bado nasaga vioo vya miwani pale dukani, bado narudi na magoti yaliyochunika na mama bado ananiuliza ni mwanamume gani atayaoa magoti haya. Hayo yote ni ya kawaida. Lakini mdogo wetu amerudi chumbani, Binamu. Amefunga mlango tena, na safari hii naogopa hatatoka.

Ningekupigia simu. Tatizo ni kwamba kwenye simu utatia utani, mimi nitacheka, tutakata, na nitabaki na donda langu vile vile. Kwa hiyo keti chini, zima redio, usome mpaka mwisho.

Sijui kama niliwahi kukueleza vizuri hali yake baada ya ajali. Unajua alikuwa fundi lifti, na unajua mwenzake aliteleza akatumbukia kwenye shimo la lifti wakati wao wawili wakibadilisha waya. Usichojua ni vile alivyorudi nyumbani siku ile. Alinawa mikono, akaikausha vizuri kwa taulo, akaingia chumba cha nyuma akafunga. Hakulia. Miezi ikapita, mama anaweka sahani mlangoni na kuitoa kama alivyoiweka. Ulikuwa ukimwita hivi, unasikia kitanda kinalia kidogo, basi, hilo ndilo jibu.

Kilichomtoa ni kilima. Asubuhi moja tulikuta mlango uko wazi na reki haipo. Mama akapiga yowe, tukadhani ya kudhani. Kumbe amekwenda kwenye ile njia yenu, ile mliyoanza kuichimba wewe na yeye akiwa bado anavaa kaptula za shule na wewe ukiwa bado na nywele. Ilikuwa imemezwa na vichaka. Alirudi na matope hadi kwenye nyusi, akakaa jikoni, akasema, "Mama, kuna chai?" Mama alimimina mpaka ikafurika kwenye sahani ikamwagika mezani, na hakuna aliyeifuta.

Tangu hapo kilima ndicho kikawa dawa yake. Kila alfajiri reki begani, sururu mkononi. Alizibua mitaro ya maji, akainua kona, akapanga ngazi za mawe pale ulipokuwa ukianguka kila Jumamosi. Jioni akija mezani anatuambia, "Maji yametuama kona ya pili." Kwetu sisi hiyo ilikuwa hotuba. Mimi na mama tulikuwa tunatazamana kama watu waliookota almasi.

Na sheria za kilimani unazijua, wewe ndiye uliyezitunga, maana hatukuwa na ruhusa. Baiskeli inabebwa begani kutoka barabarani mpaka kuvuka mwamba bapa, ili tairi lisiache alama. Mdomo wa njia unafunikwa na matawi ukishaingia. Hakuna picha, hakuna kuwasha simu ikurekodi ulipopita. Mlinzi wa msitu akionekana, matawi chini, reki juu ya alama za matairi, na kila mtu anaingia mitini, kwa maana zote mbili. Tulikuwa tunacheka sana. Watu wazima wenye kazi zao, bucha, mwalimu, mimi wa miwani, tumelala kifudifudi kwenye majani tunabana vicheko, mlinzi anapita anapiga mluzi.

Basi, mwezi jana Breki akanijia dukani. Breki ni yule mwenye bucha, aliyekuja kwenye kundi baada ya wewe kuondoka, tunamwita hivyo kwa sababu hana. Alikuwa hajavua aproni, damu ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko, wateja wangu wakasogea ukutani. Akaniambia amesikia kwa mteja wake kwamba kilima kinapewa watu wa kokoto. Kinapasuliwa chote. Vigingi vyekundu vimeshaanza kupigwa upande wa pili.

Binamu, nikazima mashine ya kusagia. Nilimwona mdogo wetu pale pale, amesimama na reki yake mbele ya shimo.

Tukakubaliana, mimi na Breki na wenzetu, tusimwambie. Tutafute njia kwanza. Nikaenda ofisi ya misitu, nikazungushwa dirisha hili na lile, mwisho karani mmoja akanihurumia. Akasema taarifa yote iko kwa afisa mkuu na hakuna wa kumwona ofisini, ila afisa mwenyewe atakuwa mgeni kwenye mkutano wa taifa wa watetezi wa baiskeli. Nikajiandikisha siku hiyo hiyo. Mimi, mkutano! Mimi ambaye hata kikao cha harusi huwa nakimbia kabla ya soda.

Niliendesha kwenda huko, kwa heshima ya jambo lenyewe. Nje ya ukumbi wamepanga vyuma vizuri vya kuegeshea, vinang'aa, lakini vimetengenezwa kwa matairi membamba ya mjini. Langu nene lilikataa kuingia. Bawabu akaona matope, akaona vigae vyake vyeupe, akaniambia niipeleke nyuma kwenye makreti ya soda. Kwenye mkutano wa taifa wa baiskeli, baiskeli yangu ikalala jikoni. Ningekuwa na akili ningejua tangu hapo.

Sitaki kuwasema vibaya. Alisimama muuguzi mmoja anayeendesha kwenda zamu, ameshagongwa na magari mara mbili, akaeleza anavyomuaga mwanawe kila asubuhi, nikalia na mimi. Wana haki kabisa. Lakini walizungumzia rangi ya kupaka njia za baiskeli mjini, kijani au nyekundu, kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, na baada ya chakula wakaendelea na rangi. Kila nikinyoosha mkono naambiwa mambo ya milimani yako kwenye kundi la Burudani na Mengineyo. Nikaenda. Chumba kiko ubavuni mwa jiko. Tulikuwa watatu: mimi, mama mmoja anayeuza kengele za baiskeli, na mzee aliyekuja, alivyosema mwenyewe, kwa sababu amesikia kuna keki.

Aliyeniokoa ni Mwenyekiti. Ni mama mfupi, askari wa trafiki mstaafu, na filimbi yake bado anaivaa shingoni. Watu wakizidisha domo anaipuliza, ukumbi mzima unanyamaza kama gari zimesimamishwa. Alinikuta koridoni nimeshika tama, akaniuliza nina nini. Nikamwaga yote. Hakusema pole. Alinishika mkono akanipandisha jukwaani, akapuliza filimbi, akanipa kipaza sauti.

Nilisema, Binamu. Kwamba kilima kina njia, kwamba kuna watu wanapumua kwa sababu ya njia hiyo, kwamba mkutano wa baiskeli ukinyamaza nani atasema. Sikumtaja mdogo wetu, ila alikuwa kwenye kila neno.

Afisa misitu akajibu. Mtu mpole, mrefu, suruali imenyooshwa vizuri. Angekuwa jeuri ningepata pa kumshikia. Alisema walinzi wake wamekipita kilima kile miaka yote na hawajawahi kuona hata unyayo. Hakuna aliyeomba ruhusa, hakuna aliyelalamika, hakuna ramani inayoonyesha njia. "Kwa taarifa zetu, kilima hakina mtumiaji. Ndiyo maana kimechaguliwa. Kama watu wapo, dada yangu, wako wapi?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikashika simu yangu, nikakumbuka hakuna picha. Hakuna hata moja, ya mtu yeyote. Watu wa mjini walikuwa na video, hesabu za wapita njia, sijui nini na nini. Mimi nilikuwa na mikono mitupu. Tumejificha vizuri mpaka tumejifuta wenyewe.

Nikapiga kelele, "Njooni mwone basi!" Sikupanga, ilitoka tu, na kipaza sauti kikalia wiii, watu wakaziba masikio. Mwenyekiti akaidaka hapo hapo. Kesho yake palikuwa na matembezi ya pamoja ya baiskeli kuzunguka mji. Akasema mji upo tu hauhami, matembezi yatakwenda kilimani, na afisa atafuata na gari lake. Afisa akatazama saa, akasema ana nafasi kidogo asubuhi. Nilitoka pale naona dunia nzima imenifungukia.

Nikampigia Breki. Nikamwambia watu wote wawe kilimani asubuhi, afisa anakuja. Basi. Nilidhani hilo linajitosheleza! Yeye anajua habari za kokoto, yeye ndiye aliyeniletea. Nikalala huko huko, usingizi wa mtoto.

Ungeona ule msafara ungecheka mpaka ukohoe. Baiskeli za vikapu, za kukunja, moja ina kiti cha mtoto na mtoto wake ndani, kengele zinalia kwa sababu yule mama wa kengele alimpa kila mtu moja. Mzee wa keki alikuja kwenye gari la afisa. Mwenyekiti yuko mbele anasimamisha magari kwa filimbi, na yanasimama kweli. Mimi niko pembeni yake moyo unanidunda kama bi harusi.

Tukafika mwamba bapa.

Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na baiskeli. Na njia haikuwapo. Binamu, nimeingia mdomo ule mara zisizo na idadi, nikasimama mbele yake nisiuone. Mwamba umefagiwa. Matawi yamepangwa, tena si mabichi yanayonyauka ukayatambua, ni vichaka vizima na mizizi yake, na chini yake majani makavu yaliyooza, jani la zamani juu ya jani la zamani. Mimi mwenyewe nikaanza kujiuliza kama nimeota.

Nilikuja kuyajua baadaye. Breki alipofika kilimani na wenzetu jioni ile ile akakuta mdogo wetu yuko kazini, akamwambia afisa misitu anakuja. Hapo hapo mdogo wetu akaanza kutoa amri. Wewe hapa, wewe pale, leta kile kichaka, fagia kule. Breki anasema hajawahi kumsikia akisema maneno mengi vile, na macho yanamwaka, anacheka hata. Hakuwa na moyo wa kumkatiza amwambie habari za kokoto. Nani angekuwa nao? Wote wakatii. Walifanya kazi usiku kucha kwa furaha, wanamficha kilima mtu pekee aliyekuja kukitafuta.

Nikaita. Nikapiga mluzi. Breki alikuwa hatua chache kutoka nilipo, chini ya kichaka, ameuma kofia yake, anangoja ishara ya mdogo wetu, na ishara haikuja. Watu wa mjini wakaanza kutazamana. Afisa akanikaribia, akasema taratibu, "Dada, nimekuja. Nimeona." Akageuka kurudi kwenye gari.

Nikachanganyikiwa. Nakwambia ukweli, sikujua nafanya nini. Nilianguka magoti nikaanza kung'oa. Vichaka, matawi, miiba, natupa nyuma yangu bila kutazama, nalia kwa sauti mbele ya wajumbe wa taifa zima. Nikasikia mtu anavua viatu, ni Mwenyekiti, akapiga magoti na yeye akaanza kung'oa. Halafu yule muuguzi. Tukavuta kichaka kikubwa watu watatu kikatoka.

Nyuma yake alikuwa mdogo wetu, amechutama, reki mapajani, uso umepakwa matope. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu ninayempenda.

"Dada, unafanya nini?"

Ikabidi nimwambie pale pale, mbele ya kengele na vikapu na mtoto wa watu kwenye kiti chake. Kwamba kilima kinapasuliwa. Kwamba lazima waone njia. Kwamba nilijua tangu mwezi jana. Nilikuwa natazama uso wake wakati nasema, na ningekuwa na uwezo ningeyarudisha maneno kinywani moja moja.

Akaweka reki chini. Nikajua atakimbia. Hakukimbia. Alitembea mpaka kwa afisa, yeye ambaye mgeni akibisha hodi huzima taa, akasimama karibu naye sana, akasema, "Njia ni yangu. Nimechimba mimi. Hawa wengine wanapita tu."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna."

Vichaka vyote vikaanza kusogea, Breki na wenzake wakatoka mmoja mmoja na majani kichwani, wanasema hapana, ni yetu sote. Lakini alishasema, na afisa alishasikia. Wakaingia ndani wawili. Viatu vya mjini vinateleza kwenye ngazi za mawe, kwa hiyo afisa aliweka mkono begani kwa mdogo wetu, nikawaona wanashuka hivyo mpaka kona ikawameza. Walikaa sana. Waliporudi afisa alikuwa ametota hadi magotini na hakuwa na haraka tena.

Akasema, "Ni kazi safi kabisa. Na ni kosa, kijana."

Mambo yako hivi. Kamati ya msitu inakaa tarehe 27. Itasikiliza ya kokoto na ya mdogo wetu siku moja, kwa pamoja. Mpaka siku hiyo hakuna mtu kukanyaga kilimani, wameweka mnyororo na mlinzi wa kudumu. Afisa alinivuta pembeni akaniambia, kama anayemwambia ndugu: wakiona ni njia ya juzi iliyochimbwa na mtu mmoja kwa siri, ni kosa tu, atashtakiwa na kilima kitaondoka. Wakithibitishiwa kwamba watu wameitumia miaka mingi, kamati inaweza kukataa kokoto. Anatakiwa mtu aliyekuwepo mwanzo, asimame mbele yao aseme. Si barua, si simu. Mtu.

Mtu huyo ni wewe. Hakuna mwingine. Wale wa zamani wengine wametawanyika, na wewe ndiye uliyepiga jembe la kwanza.

Tulirudi nyumbani mimi na mdogo wetu. Mlangoni akasimama, akasema neno moja tu, "Ungeniambia." Kisha akanawa mikono, akaikausha kwa taulo. Binamu, nilipoona lile taulo nilishika ukuta. Akaingia chumba cha nyuma.

Tangu siku ile hajatoka. Sahani zinakwenda na kurudi. Kilima kimefungwa, kwa hiyo hata akitoka atakwenda wapi? Nimeomba radhi kupitia tundu la ufunguo mpaka sauti imekauka. Kazini nimevunja kioo cha mteja, nikaweka cha mtu mwingine, maskini mama wa watu akatoka nje akapiga hodi kwenye mti. Bosi ananitazama tu. Sili vizuri. Naamka nausikia ule ukimya wa nyuma ya mlango, na sina mbele wala nyuma. Nimekwama, ndugu yangu. Sijui la kufanya, na wewe unanijua, mimi si mtu wa kuandika maneno kama haya.

Mama yeye amekuja na mpango wake. Ameamua atasimama mbele ya kamati aseme njia ni yake. Ndiyo, mama huyu huyu, anayeanika kanga kwenye baiskeli yangu kwa sababu anasema ndiyo kazi pekee inayoiweza. Atasema yeye ndiye aliyemtuma mtoto achimbe, tangu zamani, na kama ni kosa wamfunge yeye. Nikamwambia, mama, hujawahi kufika hata kwenye mwamba, watakuuliza swali moja tu utaumbuka. Akasema, "Kwa hiyo nifundishe." Kwa hiyo toka juzi namfundisha kona. Ameweka kigoda koridoni, mbele ya mlango wa chumba cha nyuma kwa sababu anasema hapo pana upepo, anachambua maharage na kukariri kama mtoto wa chekechea: mwamba, mizizi, jiwe kubwa, ngazi. Hata sasa ninapoandika yuko hapo.

Basi nisalimie wifi, mwambie asinichukie kwa ninachokuomba. Busu pacha wote wawili, yule anayeuma na yule anayesubiri kuuma. Mwambie shangazi kwamba dua zake tunazihitaji, azidishe. Breki anakusalimu, anasema hamjawahi kuonana ila anaijua kona yenye jina lako, na ameniapia nyama ya bure mpaka uzeeni ukija. Mwenyekiti naye anasalimu, ameshasema siku ya kamati atakuja na filimbi. Na mama anasema

Binamu, ngoja.

Nimerudi. Nivumilie mwandiko, naandika mbio.

Mama alikuwa anakariri, mimi hata simsikilizi, nimezoea. Mwamba, shuka. Mizizi, kaa katikati. Jiwe kubwa, kata kushoto. Akasema kushoto. Na kutoka ndani ya chumba ikaja sauti: "Kulia, mama. Kushoto ni korongo. Utaanguka."

Nilikwenda koridoni kwa vidole vya miguu. Mama amekaa wima, maharage yamemwagika kote, machozi yanamtiririka na hayafuti. Akajiwekea kidole mdomoni, ishara kwamba ninyamaze. Kisha akakohoa kidogo, akaanza upya tangu mwamba, sauti ile ile ya mtu asiye na habari. Mizizi, kaa katikati. Jiwe kubwa.

"Kushoto," akasema, kwa nguvu kabisa.

"Mama! Nimekwambia kulia!"

Mlango haujafunguliwa. Usije ukadhani umefunguliwa. Lakini sauti sasa imesogea, iko chini, karibu na tundu la ufunguo, na mama anaendelea kukosea. Amekosea mizizi, amekosea ngazi, amemwambia mtaro wa maji uko juu ya kona badala ya chini yake, na kila akikosea anasahihishwa. Anazijua zote, Binamu. Jana alinitajia zote bila kujikwaa.

Lakini mama anajua kona za njia moja tu, zile nilizomfundisha mimi, na zitakwisha. Wewe ndiye unayejua ilivyokuwa kabla, ilipopita mara ya kwanza, mlipokosea mkaanza upya. Njoo kwa ajili ya kamati, ndiyo. Ila usiingojee tarehe 27. Njoo mapema, ukae chini hapa koridoni kando ya mama, ukosee na wewe.

Barua hii naipiga picha sasa hivi nikutumie kwenye simu, karatasi yenyewe itafuata kwa posta. Mungu akupe ruhusa ya kazi, akupe kiti cha safari, akufikishe kwetu ukiwa na sauti yako yote.

Wako akupendaye na anayekusubiri mlangoni,

Dada yako, Magoti.